Lete Sampuli

Karungu ilizaliwa bandarini. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zake zikaanza kuzunguka ghuba za Ziwa Viktoria, njia ya kuingia Nyanza Kusini ilikuwa maji. Waingereza waliweka kituo chao cha utawala hapo Karungu kabla ya kupanda milimani na kufungua Kisii mwaka 1907. Mwanajiolojia Felix Oswald alifika mwaka 1911 kwa niaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza kuchimbua mifupa ya Deinotherium, mnyama wa ukoo wa tembo aliyekuwa na pembe zilizopinda kuelekea chini. Mizigo ya safari yake ilibebwa na wapagazi. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakaikalia Karungu, wakapanda hadi Kisii na kupigana na Waingereza tarehe 12, kisha wakarudi nyuma. Boti, miguu na vichwa vya wapagazi vilitosha kwa yote hayo.

Gari lilipokuja likakuta ardhi isiyolitaka. Upande mmoja kuna vilima vya Gwassi na mawe yake; upande wa pili kuna tambarare za Nyatike zenye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo masika, hasa kuelekea Mto Kuja unapoingia ziwani. Katika udongo huo gurudumu huteleza, dereva akaongeza mafuta, mara tairi likashika jiwe lililofichika chini. Nguvu yote ya injini hurudi kwa kishindo kwenye chuma kimoja chembamba ndani ya ekseli. Mafundi wa Kenya hukiita hafushafti.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na haikuchukua muda mrefu kuwa gari la bwana shauri, la daktari na la padri kote Afrika Mashariki. Ekseli yake haikuwa na mambo mengi, ila ilikuwa na mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haikukaa katikati, kwa hiyo hafushafti moja ni ndefu na nyingine fupi. Aliyeagiza "hafushafti ya nyuma" bila kusema upande alikuwa akicheza bahati nasibu. Wa pili ulikuja baadaye: Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, iliacha ekseli ya nyuma ya Rover ikapewa ya Salisbury, iliyo nzito zaidi. Kwa nje gari ni lilelile na jina ni lilelile. Tofauti iko chini ya bodi: difu ya Rover hutolewa kwa mbele, nzima nzima, wakati Salisbury ina mfuniko wa bolti kwa nyuma na difu yake hufunguliwa humohumo ndani. Hafushafti za hizo mbili haziazimani.

Kwa mwenye gari wa Nairobi, kosa la namna hiyo lilimgharimu nauli ya kurudi dukani. Aliyekuwa Karungu alipoteza safari nzima ya kwenda Migori au Kisumu, mara nyingine mpaka Nairobi, na gari likabaki juu ya mawe likingoja. Umbali huo, kuliko kitabu chochote cha kiwandani, ndio uliokuza desturi ambayo kila duka la spea nchini linaijua: mteja haji na jina la kitu, anakuja na kitu chenyewe. "Jaduong' (mzee), umebeba sampuli?" ndilo swali la kwanza kaunta, na asiyeibeba hutazamwa kwa huruma.

Sampuli ikishalazwa kando ya mpya, kazi inakuwa ya macho na vidole. Kwanza urefu: vyuma viwili husimamishwa wima sakafuni, au kamba ikanyooshwa kutoka ncha hadi ncha kama kilichovunjika kimekuja vipande viwili. Halafu meno ya ncha inayoingia kwenye difu. Hafushafti za Rover za zamani zilikuwa na meno 10 manene; nyingine zina 24 membamba, na hayo huhesabiwa kwa ukucha baada ya kutia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, maana jicho hudanganya. Baadaye, kama sili ya oili hukaa kwenye hafushafti yenyewe, fundi hupima kipenyo pale inapokaa. Wenye venia hutumia venia. Wasiokuwa nayo huivisha sili yenyewe kwenye chuma na kuisikilizia. Ikipita bila kushika, oili itafika kwenye breki kabla ya wiki kwisha.

Beringi nazo zina heshima yake, kwa sababu zimechongwa namba ubavuni na namba hiyo inafahamika duka lolote, hata kama jina la gari limesahaulika. Ni miongoni mwa vitu vichache katika ekseli unavyoweza kuviagiza kwa simu bila wasiwasi mkubwa.

Miaka ya 1970 ilileta nafuu ya muda. Land Rover zilianza kuunganishwa Thika, gari za aina moja zikajaa serikalini, na spea zikafanana. Wakati huohuo Land Cruiser za Toyota na pikapu za Hilux zilikuwa zikizidi barabarani, nazo zikaja na somo lingine. Katika Land Cruiser kubwa uzito wa gari hubebwa na habu. Hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu, na ikikatika unaweza kuichomoa, ukashika gia ya mbele, ile inayoendesha magurudumu ya mbele, na kufika nyumbani polepole. Katika Hilux za springi za majani, hafushafti ya nyuma yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na beringi yake imesukumwa kwa mashine ya kukandamiza pamoja na ringi inayoishikilia. Ringi hiyo ikilegea, gurudumu hutoka pamoja na chuma chake. Kwa hiyo kwenye Hilux haitoshi kwamba beringi "imeingia". Ikiingia kwa mkono bila kugombana, imekataa.

Kisha soko likafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee wa spea bado wanaiita Grogan, ilipokea ekseli nzima zilizokatwa kutoka magari ya Japani na Dubai, pamoja na vyuma vipya vya bei rahisi vyenye maboksi mazuri kuliko yaliyomo. Bunge lilipitisha sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini fundi aliye chini ya mwembe Sori, kando ya ghuba ya Karungu, hawezi kungoja mkaguzi. Anazidi kuamini sampuli.

Na hapo ndipo sampuli inapoanza kuwa shahidi wa mashaka. Gari lenye miaka 30 limepita mikono mingi, na chuma kilichovunjika leo huenda si kile kilichotoka kiwandani. Mfano unaojulikana kwa wapenzi wa Land Rover ni difu ya Range Rover. Inafunga vizuri kabisa kwenye ekseli ya Rover ya zamani, matundu ya bolti yanalingana na meno 10 yanaingia bila ubishi. Lakini difu ya asili ina uwiano wa 4.7, yaani propela, shafti itokayo kwenye giaboksi, huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja; ya Range Rover ni 3.54. Ikiwekwa nyuma peke yake, gari huenda vizuri lamini, tena kwa kasi zaidi. Siku dereva atakaposhika gia ya mbele kwenye ardhi kavu, ekseli mbili zitavutana kila moja kwa mwendo wake, na kitu lazima kikatike.

Fundi aliyekomaa haanzi tena na kilichovunjika. Anainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, anaacha la pili limekanyaga chini na kuwekewa jiwe, gia ikiwa huru. Anachora mstari wa chaki kwenye propela, anazungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili, kwa kuwa la pili limesimama, na mwenzake chini ya gari anahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikikaribia mara nne na robo tatu, difu ni ya asili. Ikiwa ni tatu na nusu, kuna mtu alishapita hapo, na ekseli ya mbele nayo lazima ipimwe vivyo hivyo kabla ya mtu yeyote kupanda gari la kwenda kununua kitu.