Nyanya zinanyauka? Angalia mizizi kwanza

Wadau, nyanya zikinyauka mchana na udongo una maji, msikimbilie dawa ya ukungu. Mimi nang'oa mche mmoja kwanza. Mizizi ikiwa imevimba vinundu, hiyo ni minyoo fundo. Kwa macho huwaoni, na dawa ya ukungu haiwagusi, hela yako inakwenda bure! (Vinundu vya maharage ni vingine, vyenyewe vinabanduka kirahisi na vina faida.)

Miche iliyougua ing'oe na mizizi yote, uichome. Msimu ujao hapo usipande nyanya, bilinganya wala bamia, weka vitunguu. Mbegu ya Tengeru 97 inawahimili, ila kinga ya nyanya hulegea joto la udongo likipita nyuzi 28, kwa hiyo watu wa pwani msibweteke.