Siku Mbili za Mpagazi

Shuleni tulikariri: Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Ukiandika vingine kwenye mtihani unapigwa mkasi. Lakini sisi wa Ufipa tuna haki ya kuuliza: ilikwisha kwa nani?

Siku ile wakubwa walitia sahihi ndani ya behewa la treni kule Compiègne, Ufaransa, na saa tano asubuhi bunduki za huko zikanyamaza. Huku kwetu, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Wajerumani na askari weusi walikuwa wametoka Msumbiji, wakapita Njombe, wakaishambulia Fife, boma la Waingereza karibu na Tunduma, kisha wakaingia Kasama, Zambia ya leo. Hakuna aliyewaambia habari za behewa. Tarehe 12 watu bado wanapigana! Tarehe 13 ndipo ikaja barua, imeletwa na mwendesha pikipiki wa Kiingereza. Silaha ziliwekwa chini rasmi tarehe 25 pale Abercorn, yaani Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ambako Walungu na Wamambwe wana ndugu zao hadi leo.

Sasa ndugu msomaji, mfikirie mpagazi wa tarehe 12. Amani imeshasainiwa, naye bado ana mzigo kichwani. Barabara hakuna, punda na ng'ombe wamemalizwa na mbung'o, basi vita nzima ilitembea juu ya shingo za watu. Waingereza peke yao wanakadiriwa kuchukua wapagazi karibu milioni moja. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi, bali kuhara, malaria na njaa. Kwenye vitabu vyetu wanapewa sentensi moja, wakibahatika.

Lettow alirudi Berlin akapokewa kwa gwaride mwaka 1919. Askari wake walifungiwa kambini Tabora. Waliobaki hai walikuja kulipwa na Ujerumani Magharibi miaka ya 1960, wazee wa mikongojo.

Pale Chambeshi, kusini ya Kasama, upo mnara wa ukumbusho. Umemtaja Lettow. Umemtaja na Bwana Hector Croad, mkuu wa wilaya Mwingereza aliyekutana naye tarehe 14. Mpagazi hayumo.