Shofere Hodari Asiyesikia Mtu: Anaiharibu Ekipi Yake?

Kuna mabishano hayaishi kati yetu. Vijana wanaofuata mbio za magari kwenye simu wamegawanyika mara mbili. Wamoja wanasema shofere mwenye kipaji apewe motokari nzuri na aachwe atembee anavyotaka, maana yeye ndiye analeta kombe. Wengine wanasema hapana, mtu asiyesikia mtu ataiua ekipi, hata awe fundi namna gani. Na si mbio tu. Ubishi huo huo tunaukuta kwenye mpira, kwenye orkestra, hata kwenye kamati zetu wenyewe tunapochagua msemaji: tumchukue yule mwenye akili kali lakini anayegombana na kila mtu, ama yule wa kawaida anayeelewana na wote?

Naona tusibishane hewani. Historia ina mtu ambaye tunaweza kumpima vizuri, na tena alishinda hapa hapa karibu, kwenye barabara za Kenya. Jina lake Colin McRae.

Kwanza barabara yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 ikaingia kwenye michuano ya dunia. Mtu aliyetoka Kindu kwenda Kalima wakati wa mvua hahitaji kuelezwa sana: tope, mashimo, mawe, mto uliojaa, na lori limekwama mbele yako. Kule motokari zilifungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama, bomba la kuvuta hewa likapandishwa juu hadi kwenye paa ili maji yasiingie kwenye mashine, na helikopta ikatangulia angani kumwambia shofere kuna nini nyuma ya kona. Ulaya watu walishindana kwa sekunde. Safari walishindana kwa dakika.

Ndiyo maana mashujaa wa pale walikuwa watu wa subira. Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika, akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hawakuwa wazito, lakini walijua kwamba vitesi bila kufika ni kelele tu.

Sasa McRae. Mskoti, amezaliwa 1968, mtoto wa Jimmy McRae aliyekuwa bingwa wa Uingereza mara tano. Mwendo wake ulikuwa mmoja tu: mguu chini. Akishinda anashinda vizuri sana, asiposhinda motokari iko kwenye mtaro, matairi juu. Waingereza wenyewe walimtania kwa kuligeuza jina lake kuwa McCrash, yaani yule wa kugonga. Mekanisiye wa Subaru walilijua hilo kuliko sisi, maana wao ndio walikuwa wanakesha kunyoosha mabati.

Kesi kubwa ni ya Catalunya, Hispania, mwezi wa 10 mwaka 1995. Subaru ilikuwa na motokari tatu mbele: Carlos Sainz, McRae na Piero Liatti. Sainz alikuwa Mhispania, bingwa wa dunia mara mbili, na yuko nyumbani kwao. Shefu wa ekipi, David Richards, alitoa amri: mbakie hivyo hivyo, Sainz wa kwanza, msikimbizane, motokari zifike zote tatu. Kwa ekipi hiyo ni hesabu rahisi. Ila hao wawili wa ekipi moja, Sainz na McRae, wote walikuwa wanawania ubingwa wa madereva, na mbio zilizobaki ni moja tu. Ukimwambia McRae apunguze, unamwambia aachilie pointi kwa mpinzani wake. Basi McRae hakusikia. Siku ya mwisho alikanyaga, akamaliza mbele ya Sainz kwa saa.

Hapa ndipo wengi wanakatizia hadithi, na ndipo wanakosea. Richards hakunyamaza. Hakusema "muache, ni nyota wetu." Alisimama kwenye amri yake, na mwishowe McRae, na hasira zake zote, akachelewa makusudi kuripoti kwenye kituo cha mwisho ili apate adhabu ya dakika moja. Sainz akapewa ushindi, McRae wa pili, Liatti wa tatu. Wote wawili wakawa na pointi 70. Wiki chache baadaye wakakutana Uingereza kwenye mbio za mwisho, safari hii bila amri yoyote, na McRae akamshinda Sainz kwa sekunde 36. Akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 27, Mwingereza wa kwanza na kijana kuliko wote waliomtangulia. Subaru ikapata na ubingwa wa watengenezaji.

Je, aliiharibu ekipi? Tuhesabu. Subaru ilichukua ubingwa wa watengenezaji miaka mitatu tu katika historia yake yote: 1995, 1996 na 1997. Miaka yote hiyo McRae alikuwa ndani. Alipoondoka mwisho wa 1998, Subaru ilipata mabingwa wengine wawili wa madereva, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003, lakini lile kombe la ekipi halikurudi tena.

Mnaoshabikia vipaji, msishangilie haraka. Angalieni nani walikaa pembeni yake: Sainz, halafu Kenneth Eriksson na Liatti. Kombe la ekipi linahesabu pointi za motokari zaidi ya moja. Siku McRae yuko kwenye mtaro, wale watulivu wanafika wa tatu, wa nne, wa tano, na hesabu inakwenda. Hakuna anayebandika picha zao ukutani. Nikiulizwa, mimi nasema kipaji cha McRae kilipaswa kulipiwa, na waliolipa ni hao.

Halafu kuna kitendawili cha Kenya. Huyu mvunjaji wa motokari, mbio ambayo alipaswa kushindwa kila mwaka ni Safari, mbio ya subira kuliko zote. Alishinda mara tatu: 1997 na Subaru, 1999 na Ford, 2002 tena na Ford. Ule ushindi wa 1999 ulikuwa wa kwanza kabisa kwa Ford Focus, motokari mpya iliyoanza mbio mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule. Na ule wa 2002 ulikuwa wake wa 25 katika michuano ya dunia, na ndio wa mwisho.

Huwezi kushinda Safari mara tatu kwa bahati. Kwa hiyo alijua kupunguza. Alijua kusikiliza mashine, kupita polepole kwenye mawe, kumwamini Nicky Grist aliyekaa karibu yake akimsomea njia. Lile neno letu "hasikiake mutu" halikumfaa sawasawa. Alikuwa anasikia, ila alichagua nani wa kumsikia. Barabara ya Kenya ikimwambia hapana, anatii. Shefu akimwambia hapana, inakuwa matata. Kwangu hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Ugumu wa mtu kama huyu si ugonjwa wa damu usio na dawa. Unategemea nani anaongea naye na kwa nini.

Ford walilipia somo hilo. Mwaka 1999, baada ya kushinda Kenya na Ureno mfululizo, zikafuata mbio nyingi za kuachia njiani, zingine kwa pane, zingine kwa ajali. Mwaka 2001 ndio unauma zaidi. McRae alikwenda kwenye mbio za mwisho, nyumbani kwake Uingereza, akiwa mbele na pointi 42. Tommi Mäkinen alikuwa na 41, Richard Burns 40. Mäkinen alitoka mapema siku ya kwanza. Njia ikawa wazi. Siku hiyo hiyo McRae akabingirisha Focus yake. Burns akaendesha kwa akili, akamaliza wa tatu, akapata pointi 4 na ubingwa wa dunia na jumla ya 44. Mwaka mzima Burns alikuwa ameshinda mbio moja tu. McRae alishinda tatu. Ubingwa wa ekipi ukaenda kwa Peugeot, na Ford wakaungojea mpaka 2006, McRae ameshaondoka zamani.

Burns naye alishinda Safari, 1998 na 2000. Wote wawili walijua kuvumilia barabara mbaya. Tofauti yao ilionekana pale ambapo njia ilikuwa nzuri na hakuna kitu cha kuwatisha.

Nitoke kwenye magari kidogo nije nyumbani, maana kuna jaribio ambalo mbio za magari hazitupi: kuona ekipi ile ile na nyota wake, halafu bila yeye. Sisi Wakongomani tulilipata, na kila mtu hapa analikumbuka.

Mwaka 2009 Trésor Mputu alikuwa kapiteni wa Leopards waliochukua CHAN kule Abidjan, Ghana wakapigwa 2-0, na yeye akachaguliwa mchezaji bora. Mwaka huo huo TP Mazembe ikawa bingwa wa Afrika. Mwezi wa 12 wakaenda Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la vilabu, Mputu akiwa ndani, na wakapoteza mechi zote mbili: 2-1 mbele ya Pohang ya Korea, 3-2 mbele ya Auckland City ya New Zealand. Tulirudi vichwa chini.

Mwaka 2010, kwenye Kombe la Kagame kule Kigali, mechi ya APR, Mputu akamshambulia mwamuzi. FIFA ikamfungia miezi 12, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11. Watu wa Lubumbashi walilia kama kwenye matanga. Na nini kilifuata? Mazembe ikaipiga Espérance 5-0 Lubumbashi, ikatoka 1-1 Tunis, bingwa wa Afrika tena. Abu Dhabi tena, chini ya kocha Lamine N'Diaye, ikaitoa Pachuca 1-0 kwa bao la Bedi, halafu Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka, huku Kidiaba anaruka-ruka kwa matako mbele ya dunia nzima. Ilikuwa ekipi ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Inter Milan ndio waliotusimamisha, 3-0.

Mtu atasema: mnaona, nyota mgumu ni mzigo, mtoe na ekipi itapaa. Mimi sikubali hivyo. Bila Mputu wa 2009, Mazembe isingekuwa imezoea mechi za aina hiyo. Kabangu na Kaluyituka hawakushuka kutoka mbinguni mwezi wa 12. Walikuwa wanafanya mazoezi naye kila siku, wanakimbizana naye. Kinachoonekana ni kwamba Mazembe ilikuwa imejenga watu nyuma yake. Adhabu iliwalazimisha wajitokeze. Ekipi ambayo haina watu hao, siku nyota anafungiwa ndiyo siku inakufa, na hapo kosa si la nyota peke yake. Ni la waliomtegemea kama nguzo moja ya nyumba nzima.

Wazee wetu wa Urega hawakuwa wageni wa jambo hili. Kwenye Bwami, mtu hakupanda ngazi mpaka kufika kindi kwa ujuzi wake peke yake. Alihitaji jamaa wa kumsaidia kukusanya mali, wakubwa wa kumkubali, na tabia yake ipimwe hatua kwa hatua, kwa methali na kwa zile sanamu ndogo za mti na pembe ambazo zingine zilionyesha hasa mtu wa mwenendo mbaya. Mwenye akili kali aliingia, lakini aliingia na watu. Wabelgiji waliupiga Bwami marufuku mwaka 1948.

Nimalizie na ekipi ya tatu ya McRae, Citroën, mwaka 2003. Alikaa na kijana Mfaransa anayeitwa Sébastien Loeb, na na Sainz, yule yule wa Catalunya. McRae hakushinda mbio hata moja mwaka ule, wakati Loeb alishinda tatu na Sainz moja, na Citroën ikachukua ubingwa wa watengenezaji. Mwaka uliofuata sheria mpya ilitaka kila ekipi ipunguze, ibaki na motokari mbili. Mashefu wakakaa wakahesabu nani abaki. Walimchukua Loeb, na wa pili wakamchukua Sainz.