Doxygen

Doxygen ni programu ya kutengenezea nyaraka za msimbo wa kompyuta. Husoma faili za mradi, huokota maelezo ambayo watunzi wameyaandika humo humo kando ya msimbo, kisha huyapanga kuwa kitabu cha marejeo: kurasa za wavuti, faili za LaTeX za kupigia chapa, RTF, XML, au kurasa za mwongozo zinazosomwa kwa amri ya man katika Unix. Iliandikwa na Dimitri van Heesch wa Uholanzi, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1997, na hugawiwa bure kwa leseni ya GPL. Ilikusudiwa hasa C++, lugha iliyoandikiwa yenyewe, lakini husoma pia C, Java, Python, PHP, C# na Fortran. Miradi mikubwa kama LLVM na KDE imeitegemea kwa miaka mingi.

Huendeshwa kwenye mstari wa amri. Amri doxygen -g huunda faili ya mpangilio iitwayo Doxyfile, yenye vipengele vingi sana, kila kimoja na ufafanuzi wake. Vingi vyaweza kuachwa vilivyo. Cha kuangaliwa mapema ni RECURSIVE, ambacho huanza kikiwa NO: kikibaki hivyo, folda za ndani hazisomwi kabisa. Baada ya hapo mtu huandika doxygen peke yake, na matokeo huwekwa katika folda za html na latex.

Maelezo yanayosomwa ni yale yanayofunguliwa kwa alama maalumu, kama /** ya mtindo wa Javadoc, /*! ya mtindo wa Qt, au mikwaju mitatu. Ndani yake huwekwa amri ndogo: \brief kwa muhtasari, \param kwa kila kigezo, \return kwa jibu linalorudishwa.

Amri inayosumbua wengi zaidi ni \file. Katika C, funksheni, vigeu vya jumla na makro ni mali ya faili vilimoandikwa, na Doxygen haivichapishi ikiwa faili hiyo yenyewe haina maelezo. Mtu anaweza kuieleza kila funksheni kwa uangalifu, akaendesha programu, asione hata moja katika kurasa zilizotoka. Mstari mmoja tu, /** \file */, hutosha kuondoa tatizo. Hata hivyo ni hasara kuuacha mtupu namna hiyo. Msomaji mgeni katika mradi wenye mamia ya faili hutaka kwanza kujua kila moja ipo kwa ajili gani na inategemea zipi, na hakuna mahali pengine panapofaa zaidi kumwambia.

Ipo njia ya mkato. Ukiweka EXTRACT_ALL kuwa YES, kila kitu huchapishwa, kiwe na maelezo au kisiwe nayo. Kwa anayechunguza msimbo wa zamani aliourithi bila nyaraka, hiyo ni msaada mkubwa, hasa programu ya Graphviz ikiwepo, kwani Doxygen huweza kuitumia kuchora ni funksheni gani inaita ipi. Kwa nyaraka za kukabidhiwa watu haifai: hutoa orodha ndefu ya majina na aina za data, na pia hunyamazisha maonyo kuhusu vitu visivyoelezwa. Heri kuiacha NO. Maonyo hayo hutaja faili na namba ya mstari, na WARN_AS_ERROR huweza kuifanya kazi nzima ihesabiwe kuwa imeshindwa hadi upungufu urekebishwe. Programu hugundua pia kigezo kilichotajwa kwa jina lisilokuwepo. Kama sentensi iliyoandikwa bado ni ya kweli baada ya msimbo kubadilishwa, hilo haiwezi kulijua. Ni wajibu wa aliyeubadilisha.

Vichwa na maneno ambayo Doxygen huyaongeza yenyewe hufuata kipengele cha OUTPUT_LANGUAGE, chenye lugha zaidi ya 30. Kiarabu na Kiafrikana vimo. Katika matoleo ya 1.9 Kiswahili hakimo. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili hupita salama, lakini hubaki chini ya vichwa vya Kiingereza. Kila lugha ina faili yake ya C++ ndani ya msimbo wa Doxygen, kama translator_ar.h ya Kiarabu, na hutunzwa na watu wanaojitolea. Kukiongeza Kiswahili ni hasa kazi ya kutafsiri vifungu vya faili moja ya namna hiyo.