Mgombea Ndani ya Kanda

Mwaka 2000 Hard Blasters Crew (HBC), kundi la rap la Tanzania, walitoa albamu yao ya Funga Kazi. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joseph Haule, akaja na yake mwenyewe, Machozi, Jasho na Damu. Jina nalo lilikuwa limebadilika: kijana aliyevuma kundini kama Nigga J sasa aliitwa Professor Jay. Watu wengi husema tu kwamba alikua, akatoka nyumbani. Nadhani habari yenyewe imo katika hadhira aliyokuwa akiitafuta. Jina la kwanza lilikuwa la kijiweni, la kuwajulisha vijana wenzake kwamba naye yumo. La pili liliweza kutamkwa sebuleni mbele ya wazazi, na wakati huo wazazi wengi bado waliuita muziki huu uhuni.

Kundi la rap hugawana wimbo. Kila mmoja ana ubeti wake, na humo ndani lazima aoneshe kuwa anachana sawasawa na mwenzake au kumzidi. Utaratibu huo hunoa ufundi, na HBC walikuwa mafundi hasa, ila ni vigumu humo mtu kuvaa uhusika mmoja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. "Ndio Mzee", wimbo uliotikisa katika albamu ya 2001, unaitaka nafasi yote hiyo. Jay ni mgombea jukwaani. Anaahidi kwamba wanafunzi wa sayansi watafanyia mafunzo yao ya vitendo mwezini na mabomba yatatoa maziwa, na kila ahadi inapotua umati unamwitikia kwa utii. Hakuna anayempinga, wala msimulizi anayejitokeza pembeni kutuambia kwamba huyu ni mwongo. Kwa hiyo dhihaka haimwishii mgombea. Inaukumba mkutano mzima, pamoja na msikilizaji ambaye amekwisha kuanza kuitikia naye. Uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi ulikuwa umefanyika Oktoba 2000, na vumbi la kampeni lilikuwa halijatulia. Mzee asiyejua lolote la hip hop aliuelewa mkutano ule kuliko mwanawe aliyenunua kanda.

Itasemwa kwamba hadithi zilikuwapo tangu kundini, na "Chemsha Bongo" itatajwa. Ni kweli, na sauti ya Jay ndiyo inayoubeba wimbo ule. Lakini mle yeye ni mshauri, anaonya kwa kinywa chake mwenyewe. Bado hajawa mtu mwingine. Pingamizi zito zaidi ni la Mr. II, yaani Sugu, ambaye katika miaka ya 1990 alikwisha kuonesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama na albamu ya rap ya Kiswahili na nchi ikamsikiliza. Heshima hiyo ni yake, na asiyemtaja haandiki historia ya muziki huu. Hata hivyo nguvu ya Sugu ilikaa katika neno "mimi": aliaminika kwa kuwa alisema maisha yake na ya wenzake mtaani. Jay alileta mchezo wa kuigiza ndani ya rap. Kuhusu midundo ya P-Funk wa Bongo Records, na redio binafsi zilizoenea kuanzia 1994, sibishi kwamba ndizo zilizoufikisha muziki majumbani. Ila zilifikisha nyimbo nyingi, na si zote zilizomfanya baba aombe kanda irudishwe nyuma.

Mgombea yule hakuishia pale. Katika albamu iliyofuata, Mapinduzi Halisi, Jay alimrudisha kwenye "Kikao cha Dharura", na safari hii wananchi wakamdai zile ahadi. Mwaka 2015 Joseph Haule alipanda majukwaa ya jimbo la Mikumi kuomba ubunge, na akaupata, "Ndio Mzee" ikiwa na umri wa miaka 14.