Tufani ya Unguja ya 1872
Tufani iliyokipiga kisiwa cha Unguja tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawazwa mwaka 1870, ilizivunja merikebu za Sultani bandarini, ikabomoa nyumba, na, huu ndio msiba uliodumu kuliko yote, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, miti ambayo haizai ila baada ya miaka kadhaa. Pemba, kisiwa jirani, ilisalimika, na kwa kuwa bei ya karafuu ilipanda, ndiko kilimo hicho kilikohamia, hata Pemba ikaipita Unguja kwa mavuno. Mashaka ya kupanda upya, wala hili halifai kusahauliwa, yaliwaangukia watumwa wa mashambani, ambao katika faida yake hawakuwa na fungu.