Muhogo, ghala ya chini ya udongo

Mtu akisikia jina la Likasi anafikiri shaba. Sisi tunaoishi hapa tunajua pia kitu kingine kilichotuponya: muhogo.

Muhogo asili yake ni Amerika. Wareno waliuleta ku pwani ya Kongo katika karne ya 16, na polepole ukafika Katanga, mbele ya Wazungu kufungua mines.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Kampuni ililisha wafanyakazi wake kwa posho ya unga wa mahindi. Watoto wa kambi wakazoea kuona chakula kinatoka mu magazini, si mu shamba. Gécamines, iliyorithi mines tangu mwaka 1967, ilifuata desturi ile ile.

Miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990. Mishahara ikakawia miezi na miezi, posho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari». Njo pale jamaa nyingi zilirudia jembe na akili ya wazee.

Akili ile ni hii. Vipande vya miti ya muhogo hupandwa juu ya matuta mvua inapoanza, kama mwezi wa Novemba. Muhogo mtamu huliwa kisha miezi 9 ao 12. Mchungu hungoja mwaka na nusu, hata zaidi. Ukisha kung'olewa, siku mbili tatu tu umeharibika. Njo maana wazee waliuacha mu udongo, wakang'oa paka wa kula. Ule mchungu humenywa, hulowekwa mu maji siku tatu ao nne, kisha huanikwa ku jua la kiangazi, toka Mei mpaka Septemba. Mwenye kupunguza siku za kuloweka anaacha sumu ndani, na sumu ile inaweza kulemaza miguu ya watoto. Ukikauka vizuri, unakaa miezi mingi mu mifuko, mbali na unyevu. Unga wake tunauchanganya na wa mahindi, tunapika bukari. Majani njo sombe.

Lakini ghala hii inataka udongo wa kutulia miaka miwili. Pembeni ya mji, mashamba mengi yako juu ya ardhi ambayo karatasi zake ziko ku kampuni za mines. Mama anayeogopa kufukuzwa anang'oa mapema, mizizi ingali myembamba, na akiba inaisha siku ile ile.

Kwa hiyo tunaomba wazee wafundishe vijana kazi hii, na wakubwa wa mji wawahakikishie walimaji mahali pa kulima. Shaba ikishuka bei tena, tutakula nini?